BUNGUA WA MAHARAGE NA KAZI ZA CHUO KIKUU

Mkulima wa Kasulu au Kibondo apandaye maharage mara mbili kwa mwaka huvuna mara ya kwanza mwezi wa Januari au Februari, na mara ya pili mwezi wa Mei au Juni. Baada ya mavuno ya pili hufuata kiangazi mpaka mvua za Oktoba. Katika miezi hiyo maharage hukaa nyumbani, na humo nyumbani vita vya pili huanza. Shambani mkulima alipigana na magugu, na inzi wa maharage, na ugonjwa wa kutu. Sasa anapigana na bungua.

Kila mtu anajua vita hivyo vinavyokwisha. Mwezi wa Juni maharage ni mazuri, mazito, yanang'aa. Mwezi wa Agosti ukitia mkono ndani ya gunia unatoka na vumbi. Mwezi wa Oktoba, siku mbegu zinapotakiwa, punje nyingi zina tundu la mviringo kama lililotobolewa kwa msumari. Kwa hiyo wengi huuza mara tu wanapomaliza kupura, wakati kila jirani naye anauza na bei iko chini. Kisha mvua zikikaribia hununua mbegu kwa bei ya juu, pengine kwa mfanyabiashara yule yule aliyenunua maharage yao. Huyo bungua hakupata hata punje moja ya mkulima huyu, lakini fedha zake amezila.

Katika kijitabu hiki nitaeleza yale ambayo utafiti wa vyuo vikuu umepata juu ya mdudu huyu, na namna ya kuyatumia katika nyumba na mashamba yetu. Nimefanya kazi ya ugani kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi wazee wameniuliza mkutanoni: "Bwana Shamba, hao maprofesa wa Morogoro wanatufanyia nini sisi watu wa Buha?" Swali hilo ni la haki. Chuo kikuu cha umma huendeshwa kwa fedha za wananchi, na mkulima ni mwananchi.

CHUO KIKUU HUTOA NINI

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho watu wengi hukiita SUA, kiko Morogoro. Kilianzishwa mwaka 1984. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa masomo ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake ni la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo wa 1984 katika ajali ya gari, karibu na Morogoro.

Chuo kama hicho hutoa wanafunzi, na hilo kila mtu analiona, kwa maana mabwana shamba na mabibi shamba wengi wamepita huko. Lakini hutoa pia matokeo ya utafiti. Mtafiti akipata jambo jipya huliandika katika makala. Makala hiyo husomwa kwanza na wataalamu wengine wasiomwonea haya. Wao huuliza: Ulipima mara ngapi? Ulilinganisha na nini? Shamba la pili lilisemaje? Akishindwa kujibu, makala yake hurudishwa. Akijibu vema, huchapishwa katika jarida, na kuanzia hapo mtaalamu wa nchi yoyote aweza kuisoma, kuijaribu na kuipinga.

Kuna watu huhesabu makala hizo kama mkulima ahesabuvyo magunia, na kusema chuo fulani ni kikubwa kwa kuwa kimetoa makala nyingi. Mimi naona hesabu hiyo ina haki yake, lakini makala moja ni kama mbegu moja iliyo ndani ya chupa. Ili itufae sharti itoke humo, ipandwe, na ionekane kama inaota katika udongo wetu. Makala nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hazifiki Heru Juu wala Mabamba. Kuzifikisha ni kazi yetu sisi maofisa ugani, na nakiri kwamba tunachelewa.

Matokeo mengine ya chuo hayahitaji kusomwa, kwa sababu yanashikika mkononi. Mbegu ni mojawapo. SUA ilitoa maharage ya SUA 90 mwaka 1990, kisha Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa mwaka 2006. Tazama miaka hiyo: kati ya mbegu moja na nyingine ilipita miaka saba, kisha miaka tisa. Mtu asiyejua atasema watafiti walikuwa wamelala. Sivyo. Ukichanganya aina mbili za maharage, watoto wao hawafanani. Huyu ni mrefu, yule mfupi, huyu ana punje nyekundu, yule ana madoa. Mtafiti hupanda, huchagua, hupanda tena, huchagua tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka aina itulie na mimea yote ifanane. Halafu huipeleka katika mashamba ya mikoa mbalimbali kuijaribu, ndipo serikali hukubali itolewe kwa wakulima.

Nchi nyingine hufanya vivyo hivyo. Huko Brazili, ambako maharage na wali ni chakula cha kila siku, vyuo vikuu vya umma vya Viçosa na Lavras, katika jimbo la Minas Gerais, vimefanya kazi ya kuzalisha mbegu za maharage kwa miaka mingi. Maharage yenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika, yaletwayo Afrika na mabaharia Wareno, na bungua wake alitoka huko huko. Kwa hiyo si ajabu kwamba dawa ya mdudu huyo ilitafutwa pia huko.

MJUE BUNGUA

Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, rangi yake ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba mdudu mzima umwonaye akitembea juu ya gunia hali maharage. Alaye ni mtoto wake, yule funza mdogo mweupe aliye ndani ya punje, usiyemwona.

Bungua wetu wako wa namna mbili. Wa kwanza huanza kazi yake shambani. Ganda la maharage likikauka na kupasuka, mama hupenyeza mayai ndani yake. Akiwa ghalani hutaga makumi ya mayai, akiyaacha huru kati ya punje bila kuyagandisha. Namna ya pili hukaa zaidi ghalani, na mayai yake huyagandisha juu ya ngozi ya punje. Ukitazama vizuri utaona vijidoa vyeupe. Yai likianguliwa, funza hutoboa punje na kuingia. Hula ndani mpaka akue, kisha huandaa mlango wake wa kutokea kwa kuila punje mpaka karibu na ngozi. Ngozi hiyo nyembamba huonekana kama kidirisha cha mviringo. Siku moja kidirisha hufunguka na mdudu mzima hutoka. Mahali penye joto kazi yote hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwetu kwenye baridi huchukua zaidi, na hiyo ni neema yetu ndogo.

Kutokana na habari hizo mkulima ajifunze mambo mawili. Kwanza, mdudu huja nyumbani pamoja na mavuno. Ukiacha maharage shambani wiki mbili baada ya kukauka, eti unangoja nafasi, umemkaribisha. Pili, gunia lionekanalo safi mwezi wa Juni laweza kuwa limejaa mayai na funza wadogo. Kupepeta hakuwatoi waliokwisha kuingia ndani.

Nakumbusha pia kwamba bungua wa maharage si dumuzi wa mahindi. Wako wakulima wanaochukua dawa iliyobaki ya mahindi na kuimwaga juu ya maharage ya kula, bila kusoma karatasi yake. Haifai kabisa.

HARAGE LA MWITU

Huko Meksiko maharage ya mwitu bado yanaota milimani. Punje zake ni ndogo na ngumu, na hakuna mtu ambaye angezipeleka sokoni. Katika miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba baadhi ya punje hizo bungua hawaziwezi. Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho ni chuo cha umma cha Marekani, kilichunguza sababu, kikakuta ndani ya punje kuna protini ya namna ya pekee. Iliitwa arselini, kwa jina la mji wa Arcelia wa huko Meksiko. Funza akila punje yenye arselini hadhoofishwi na mtu wala dawa. Chakula chenyewe kinamshinda, hakui, hufa.

Hapo mtu angesema kazi imekwisha. Lakini ilionekana kwamba arselini ile ya kwanza ilimzuia vizuri bungua wa namna ya pili, yule agandishaye mayai, na yule wa kwanza haikumzuia sana. Na yule wa kwanza ndiye mwenye nguvu nyanda za juu zenye baridi, kama hizi zetu. Basi watafiti wakatafuta mbele zaidi, wakaenda kwa jamaa ya mbali ya maharage, liitwalo tepari, linaloota katika majangwa ya Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani. Katika tepari moja la mwitu walipata protini zilizomshinda hata bungua wa kwanza.

Mtanzania alikuwa katika kazi hiyo. Dakta Paul Kusolwa wa SUA, akishirikiana na Profesa James Myers wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, alihamisha uwezo huo kutoka tepari la mwitu mpaka katika maharage ya kawaida. Makala yao ilitoka mwaka 2011 katika jarida la mazao la Afrika. Rojo, ile mbegu ya Morogoro ya mwaka 1997, ilitumiwa kama mzazi, ili mtoto arudi kuwa maharage mekundu ambayo mtu wa Tanzania atakubali kuyala. Mwaka 2016 ilitangazwa aina ya maharage mekundu makubwa yenye kumzuia bungua pamoja na ugonjwa wa batobato, ili wazalishaji wa mbegu wa nchi mbalimbali waitumie kama mzazi.

Mkulima anaweza kuifahamu kazi hiyo kwa mfano wa ng'ombe. Una ng'ombe wa kienyeji asiyeugua upesi, na una wa kigeni mwenye maziwa. Unawapandisha, kisha mtoto unampandisha tena kwa mwenye maziwa, na mjukuu vivyo hivyo, na kila mara unamchagua yule ambaye bado hana ugonjwa. Mwishowe una mnyama aliye karibu sawa na yule wa maziwa, mwenye damu kidogo ya yule mgumu. Kwa maharage, mtafiti hufungua ua dogo kwa koleo nyembamba, huondoa sehemu za kiume kabla hazijakomaa, na kutia unga wa ua la mzazi mwingine. Maua mengi huanguka bila kushika.

Wengine wataogopa: kama punje inamuua funza, je, sisi? Maharage mabichi, hasa mekundu, yana madhara kwa tumbo la mtu hata yasipokuwa na asili ya mwitu, ndiyo maana hatuyali mabichi. Sharti yachemke sana mpaka yaive. Sheria hiyo haibadiliki.

Nimeeleza habari hii kwa urefu ili mkulima ajue mbegu inatoka wapi. Wala nisimdanganye mtu: asisubiri mbegu ya namna hiyo imfikie huku maharage yake yanaliwa. Yapo mambo ambayo vyuo vikuu vimekwisha kuyathibitisha na ambayo yanaweza kufanywa mwaka huu, kijijini, kwa vyombo tulivyo navyo.

MFUKO USIOPITISHA HEWA, NA KOSA LANGU

Mifuko ya tabaka tatu, iitwayo PICS, inauzwa sasa katika maduka mengi ya pembejeo. Ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 huko kaskazini mwa Kamerun kwa ajili ya kunde. Mfuko wa nje ni wa kawaida uliofumwa, na ndani yake kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Ukijaza punje, unakandamiza hewa itoke, unafunga mfuko wa ndani kwa kuusokota na kuukunja, unafunga wa pili vivyo hivyo, kisha wa nje.

Bungua aliyefungiwa humo hupumua hewa iliyobaki, na baada ya siku chache hewa nzuri hupungua sana. Watu walidhani hufa kwa kukosa pumzi tu. Profesa Larry Murdock na wenzake wa Purdue walionyesha mwaka 2012 jambo la ajabu zaidi: mdudu huyo hufa kwa kiu. Anaishi katika punje kavu, hanywi maji kamwe; maji yake huyatengeneza mwilini kutokana na chakula na hewa. Hewa ikikosekana hali tena, wala hatengenezi maji, naye hukauka polepole. Kwa hiyo usiufungue mfuko kila siku kutazama kama wamekufa. Kila ukifungua unawapa maji.

Sasa nieleze kosa langu. Mifuko hii ilipofika kwetu mara ya kwanza niliisifu sana mikutanoni. Mama mmoja mjane alinisikiliza, akanunua mfuko mmoja, akatia maharage aliyovuna mwezi wa Januari, ambayo aliyaweka kwa ajili ya ada ya mwanawe. Mwezi wa Aprili alikuja kuniita. Tulipofungua tulikuta hakuna bungua hata mmoja, lakini harufu ya uvundo ilijaza chumba. Maharage yalikuwa yameota ukungu wa kijani na kijivu, hata kuku hayakuwafaa. Yule mama hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Nami nilijua kwamba hakukosea yeye.

Kaskazini mwa Kamerun ni nchi kavu. Kunde huvunwa mvua zikiwa zimekwisha, na jua ni kali. Watu wa huko hawana shida ya kukausha. Kwetu mavuno ya kwanza hutoka shambani mvua zikiwa bado zinanyesha, na maharage yaweza kukaa wiki nzima yasipate jua la siku mbili mfululizo. Mfuko usiopitisha hewa hauingizi mdudu, na unyevu nao hauutoi. Utafiti ulikuwa wa kweli, na masharti ya ukavu yalikuwa yameandikwa. Mimi nilibeba matokeo nikaacha masharti njiani.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mfuko, pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa. Tia chumvi kavu kidogo, kisha maharage mpaka karibu nusu ya chupa, na ufunge. Tikisa vizuri, acha dakika kumi au kumi na tano. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, maharage bado ni mabichi, rudisha juani. Ikianguka yote chini bila kushika kioo, maharage yamekauka vya kutosha. Jaribio hili ni la senti chache, na mimi sasa siruhusu mtu anunue mfuko mbele yangu kabla hajalifanya.

Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya ardhi tupu. Mvua ya Januari ikikuzidi, usifunge; yatandaze ndani ya nyumba kwa tabaka jembamba na uyageuze mara kwa mara. Maharage ya Juni ndiyo yafaayo zaidi kwa mfuko. Uuweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasiufikie, kwa maana tundu moja la panya linamaliza kazi yote. (Panya nao wana wataalamu wao Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililo hapo SUA, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya wa Kasulu bado hajasoma.)

ASIYE NA FEDHA YA MFUKO

Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walichapisha makala juu ya njia isiyogharimu hata shilingi moja. Waligundua kwamba funza mdogo wa bungua, yule ambaye mayai yake hayagandi, huchukua kama siku nzima kutoboa punje ya kuingilia. Ili apate nguvu ya kutoboa hujikaza, mgongo wake ukiegemea punje ya jirani, kama mtu anayesukuma mlango huku mguu ameuweka ukutani. Ukizivingirisha punje, anakosa egemeo. Anaanza upya. Ukizivingirisha tena, anaanza tena, mpaka anaishiwa nguvu na kufa.

Basi weka maharage katika ndoo yenye mfuniko, mtungi au gunia, lakini usijaze. Nusu yatosha, ili punje zipate nafasi ya kupinduka. Asubuhi na jioni kigeuze chombo huku na huku. Mtoto aweza kufanya kazi hii kabla ya kwenda shule. Anza siku ile ile unapomaliza kupura, wala usiruke siku. Funza waliokwisha kuingia watakua na kutoka, lakini watoto wao hawatapata pa kuingia. Njia hii yafaa sana kwa mbegu za debe moja au mawili. Kwa magunia kumi utachoka wewe kabla ya bungua.

Mawese nayo yana kazi. Katika miaka ya 1970 kituo cha utafiti cha CIAT huko Kolombia kilionyesha kwamba mafuta ya mimea, na mawese yakiwemo, hulinda maharage kwa kiasi kidogo sana: mililita 5 kwa kilo, yaani kijiko kimoja cha chai. Mafuta hufunika mayai na kuyaua. Sisi wa Kigoma tunayo mawese kuliko mkoa wowote, hatuna haja ya kuagiza. Tia mafuta kidogo kidogo ukichanganya kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Fanya hivyo kwa maharage ya kula. Yale ya mbegu yaache bila mafuta, maana yakikaa muda mrefu huenda yasiote vema.

IJARIBU KWAKO

Yule mama mjane amenifundisha kutosema tena, "Utafiti umesema," na kunyamaza hapo. Nauliza kwanza utafiti ulifanyika wapi. Mji wa Morogoro uko chini, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu zaidi ya mita 1,200. Mbegu iliyoshinda kwenye joto yaweza kushindwa na ndui ya majani kwenye baridi na ukungu wetu. Hata mbolea ni hivyo. Watafiti wa Morogoro waliipima fosfati ya Minjingu, inayochimbwa Manyara, wakaona kwamba huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu na vibaya katika udongo usio na uchachu. Udongo mwingi wa milima yetu una uchachu, hivyo habari hiyo ni njema kwetu kuliko kwa wengine, lakini shamba na shamba hutofautiana.

Ukipewa mbegu mpya usiling'oe shamba lote la zamani. Chagua mahali ambapo udongo ni wa namna moja. Panda mstari mpana wa mbegu mpya, kando yake mstari wa mbegu yako, kisha mpya, kisha yako, mpaka kila moja ipate mistari mitatu. Iwe siku moja, nafasi moja, palizi moja. Ukipanda mbegu mpya karibu na zizi na ya zamani kwenye changarawe, umepima samadi, hukupima mbegu. Wakati wa mavuno tumia debe lile lile kwa zote. Halafu wape wenye nyumba wapike, na umwonyeshe mnunuzi punje zake, kwa kuwa sokoni rangi hutazamwa kwanza na mavuno mengi yasiyo na mnunuzi ni taabu.

Kwa bungua fanya vivyo hivyo. Chukua maharage ya shamba moja, ugawe katika vyombo viwili vinavyofanana. Kimoja ukifanyie dawa uliyochagua, kuvingirisha au mawese, na kingine ukiache. Kila mwisho wa mwezi chukua punje 100 kutoka kila chombo bila kuchagua, uhesabu zilizotoboka na zenye vidirisha. Watafiti hufanya hivi hivi, ila wao hurudia mara nyingi zaidi na kwa mizani iliyo nzuri kuliko yetu.

Mbegu bora zitafutwe mahali panapojulikana. Mfuko wa mbegu uwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayokagua ubora wa mbegu. Wapo pia wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Bei yao huwa nafuu. Kwa kuwa maharage hujichavusha yenyewe, ukinunua mara moja waweza kutunza mbegu yako kwa misimu mitatu au minne, mradi uchague mimea isiyo na ugonjwa kabla ya kuvuna. Kituo cha TARI Kihinga kiko katika mkoa wetu wenyewe. Kazi yake kubwa ni michikichi, lakini swali la mkulima hupokelewa na kupelekwa panapohusika.

Ukianza kuhesabu mwezi wa Juni, utakuwa na hesabu nne ifikapo mwisho wa Septemba. Ziandike katika daftari pamoja na jina la kijiji, aina ya maharage, siku uliyovuna na jinsi ulivyokausha. Daftari hilo ulilete kwa afisa ugani wa kata yako kabla ya mvua za Oktoba, hata kama dawa ilishindwa. Na ikiwa ilishindwa, lete pia punje kumi katika chupa iliyofungwa, ili tutazame ni bungua wa namna gani.